Rasimu ya sheria ndogo iko mezani: upime athari zake kwa njia ipi?

Rasimu ya sheria ndogo ikishabandikwa kwenye mbao za matangazo, watu wa mwaloni, pale vyombo vya uvuvi vinaposhushia samaki, hugawanyika mapema. Kuna wanaosema itaua biashara, na kuna wanaosema imechelewa. Kinachokosekana pande zote mbili ni hesabu. Anayetaka kuifanya, awe mchumi wa halmashauri, katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni) au mtu wa chama cha wafanyabiashara, ana njia tatu za kuchagua: hesabu ya gharama za kutii, uchambuzi wa gharama na faida, na gharama kwa matokeo. Kila njia ina swali lake. Ukikosea kuchagua, utahangaika wiki nzima kutafuta takwimu ambazo hakuna diwani aliyezihitaji.

Uharaka upo. Rasimu ikipita Baraza la Madiwani huenda kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, akiridhia inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ikishafika huko, kubadili kifungu kimoja ni kuirudia safari yote tangu mwanzo.

Mfano tutakaoutumia

Chukua mwalo mmoja wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, wenye wakaushaji 120 ambao bado wanaanika dagaa mchangani. Rasimu inataka mambo matatu: dagaa waanikwe kwenye vichanja tu (meza za miti zilizoinuliwa juu ya mchanga), kila mkaushaji awe na kibali cha Sh 20,000 kwa mwaka, na kila mwezi apeleke taarifa ya mzigo wake ofisi ya kata. Rasimu hii ni ya kutungwa na tarakimu zake ni za kuonyeshea hesabu. Ukienda mwaloni, weka za kwako.

Kabla ya njia yoyote, andika hali ya msingi: nini kingetokea kama sheria hii isingekuwepo? Wapo wakaushaji ambao tayari wana vichanja kwa sababu wanunuzi wa mbali hawataki dagaa wenye mchanga. Hao gharama ya vichanja haiwahusu, ingawa taarifa za kila mwezi zitawahusu. Tathmini nyingi huharibika hapa hapa, kwa kuibebesha sheria gharama ambazo watu wangezibeba hata bila hiyo sheria, au kuipa sifa ya faida ambazo soko lilikwisha kuzileta.

Vigezo

Tutaziuliza njia zote maswali yale yale. Inajibu swali gani? Inadai takwimu na muda kiasi gani? Inaonyesha anayeumia? Huharibikia wapi? Inamfaa nani?

1. Hesabu ya gharama za kutii

*Swali lake.* Kuitii sheria hii kutawagharimu watu kiasi gani kwa fomu, safari, kusubiri na kutunza kumbukumbu? Njia hii ilianzia Uholanzi, na baadaye Umoja wa Ulaya uliitumia ulipojiwekea lengo la kupunguza mzigo wa makaratasi kwa asilimia 25 kufikia 2012. Kanuni yake ni kuzidisha tu: gharama ya tendo moja, mara idadi ya watu, mara idadi ya matendo kwa mwaka.

*Takwimu na muda.* Siku mbili au tatu zinatosha. Igawe rasimu kifungu kwa kifungu na utoe kila kitenzi kinachomtaka mtu afanye jambo: aombe, alipe, aandike, apeleke, aonyeshe. Kisha kaa na wakaushaji watano hadi kumi wa kawaida. Usianze na mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, maana huyo ana kijana wa kumwandikia.

Taarifa ya kila mwezi inakuwa hivi. Kuandika ni saa 2, kwenda ofisi ya kata, kusubiri na kurudi ni saa 3, nauli ya bodaboda Sh 2,000. Saa moja ya kazi tuseme ni Sh 1,000. Lakini katika zile saa 2 za kuandika, saa 1 na nusu angeziandika hata bila sheria, kwa kuwa mwenye chombo aliyemkopesha dagaa wabichi anataka kuona hesabu. Kwa hiyo tunahesabu nusu saa tu. Taarifa moja ni saa 3 na nusu pamoja na nauli, yaani Sh 5,500. Mara 12, mara watu 120: Sh 7,920,000 kwa mwaka.

Linganisha na ada ya kibali: 20,000 mara 120 ni Sh 2,400,000. Mkutanoni watu watagombania ada, kwa kuwa inaonekana na ina risiti, na kifungu cha taarifa chenye uzito zaidi ya mara tatu kitapita bila mtu kusimama. Sasa kibadili: taarifa iwe mara nne kwa mwaka na itumwe kwa simu, nusu saa na Sh 100 ya ujumbe. Inakuwa Sh 600 mara 4 mara 120, yaani Sh 288,000. Kifungu kimoja kimeokoa zaidi ya milioni saba na nusu, na halmashauri bado inapata takwimu zake.

*Nani anaumia.* Inaonyesha vizuri, mradi uitenganishe kwa ukubwa wa biashara. Sh 66,000 za taarifa kwa mwaka ni zile zile kwa mwenye mabeseni mawili na kwa anayejaza fuso.

*Huharibikia wapi.* Kwanza ni bei ya saa. Wengi huchukua kima cha chini cha mshahara wakagawa. Tumia malipo ya kibarua cha kuanika pale pale mwaloni, na utofautishe siku za giza na za mbalamwezi. Vyombo vya dagaa hutoka jioni na taa na kurudi alfajiri. Mkaushaji wa siku za giza anakuwa na mzigo mikononi saa ile ile ofisi ya kata inapofunguliwa. Saa hiyo ina thamani kubwa kuliko saa ya siku za mbalamwezi, chombo kikiwa kimepaki. Pili, njia hii inachukulia kwamba kila mtu anatii. Tatu, na hili ndilo kubwa, haina safu ya faida. Sheria inayookoa maisha na sheria ya kipuuzi zote zitatoka na namba ya gharama tu, kwa hiyo mtu mwenye nia ya kupinga kila kitu ataipenda kupita kiasi.

*Inamfaa nani.* Anayekubaliana na lengo la sheria ila analalamikia vifungu. Kwa sheria ndogo nyingi za halmashauri, ugomvi wenyewe huwa wa namna hiyo.

2. Uchambuzi wa gharama na faida

*Swali lake.* Tukijumlisha kila kitu, jamii inabaki na zaidi au pungufu? Marekani iliwabana watunga kanuni wa serikali kuu wafanye uchambuzi huu kwa amri ya Rais Reagan ya 1981, namba 12291, na Clinton akaibadilisha kwa amri namba 12866 ya 1993. Hata huko, uchambuzi kamili hudaiwa kwa kanuni zenye athari ya kuanzia dola milioni 100 kwa mwaka. Sheria ya mwalo mmoja haihitaji kitabu cha kurasa mia mbili.

*Takwimu na muda.* Wiki tatu hadi sita, kama takwimu zipo. Daftari la BMU, kumbukumbu za Afisa Uvuvi, makusanyo ya ushuru yaliyo kwenye mashine za POS za kukusanyia mapato, na kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) kilichopo Kigoma ndizo sehemu za kuanzia. Makusanyo ya ushuru yasome kwa tahadhari, kwa sababu mzigo uliopita usiku haumo.

Gharama kubwa ni vichanja, na hapa kuna kosa ambalo halionekani mpaka ufike mchangani: kuhesabu kichanja kimoja kwa mtu mmoja. Kichanja cha mita 10 kwa 1, miti, waya wa banda la kuku na wavu mwembamba juu yake, tuseme kinabeba kilo 50 za dagaa wabichi wakitandazwa vyema. Mkaushaji anayechukua kilo 300 usiku mmoja wa giza anahitaji vichanja 6, hata kama wastani wake kwa siku ni mdogo sana kuliko huo. Dagaa hawasubiri wastani. Kinachoamua idadi ya vichanja ni usiku wa mzigo mkubwa.

Basi: vichanja 6 kwa Sh 120,000 ni Sh 720,000, vinadumu miaka 4, ukarabati Sh 60,000 kwa mwaka. Kwa upande wa faida, mkaushaji anatoa kilo 800 kavu kwa mwaka (kilo 1 kavu hutokana na wabichi wapatao kilo 3 hadi 4). Hasara ya kuharibika inashuka kutoka asilimia 10 hadi 6, hasa mvua ikinyesha ghafla. Ni kilo 32 zilizookolewa, kwa Sh 12,000 kila moja: Sh 384,000. Toa ukarabati, toa Sh 66,000 za taarifa, inabaki Sh 258,000 kwa mwaka.

Fedha za miaka ijayo hupunguzwa thamani ili zilinganishwe na za leo. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, kizidishio cha miaka 4 (namba ya kuzidisha faida ya mwaka mmoja) ni 3.17, thamani ya sasa ni karibu Sh 817,800. Ukitoa vichanja, kila mkaushaji anabaki na faida ya Sh 97,800. Kwa asilimia 20 kizidishio ni 2.589, thamani ya sasa ni Sh 667,900, na faida imegeuka hasara ya Sh 52,100. Sheria ni ile ile, vichanja ni vile vile. Uingereza hutumia asilimia 3.5 kwa miradi ya serikali. Mkaushaji anayekopa kwa riba ya mtaani anaishi kwenye asilimia 20 au zaidi. Anayekuletea jibu la kiwango kimoja tu, mrudishe akafanye na cha pili.

Sasa rudisha lile rekebisho la njia ya kwanza. Taarifa nne kwa simu ni Sh 2,400 kwa mtu kwa mwaka. Faida ya mwaka inapanda hadi Sh 321,600, na hata kwa asilimia 20 matokeo ni chanya: Sh 112,500. Ukihesabu mfuko wa mkaushaji mwenyewe, toa na ada ya kibali kila mwaka. Anabaki na kama Sh 60,700. Kwa hiyo kilichotaka kuiangusha sheria hii kilikuwa safari ya kwenda kata kila mwezi.

*Nani anaumia.* Njia hii, ikiachwa peke yake, inaficha. Jumla inaweza kuwa chanya huku wenye mabeseni mawili wakifukuzwa kwenye biashara, kwa sababu hawana Sh 720,000 za kuanzia wala hawana kipande cha ardhi cha kusimika miti. Mchangani mtu hutandaza popote, kichanja kinataka kiwanja. Ambatanisha jedwali la wakubwa, wa kati na wadogo, kila kundi na namba yake.

*Huharibikia wapi.* Kosa la kawaida ni kuihesabu ada kama gharama ya jamii. Ada na ushuru ni fedha zinazohama mfuko. Ushuru wa mazao uliposhushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, zile fedha hazikuzaliwa upya, zilihama kutoka halmashauri kwenda kwa mkulima na mnunuzi. Faida halisi ya punguzo kama hilo itafute kwenye biashara iliyoongezeka na magendo yaliyopungua.

Kosa la pili ni bei nzuri ya dagaa wa kichanja. Leo wanauzwa ghali kuliko wa mchangani kwa sababu ni wachache. Mwalo mzima ukihamia vichanjani, tofauti hiyo itasinyaa, na anayeizidisha kwa kilo zote anajidanganya. Ndiyo maana hapo juu tumehesabu hasara iliyookolewa tu.

La tatu ni kusahau kuuliza swali dogo: kama kichanja kina faida hivyo, mbona hawakujenga wenyewe? Ukikuta sababu ni mtaji, dawa ni mkopo. Ukikuta ni kiwanja, dawa ni kupimiwa eneo. Ukikuta wanunuzi wanachanganya dagaa safi na wa mchangani kwenye gunia moja na kulipa bei moja, hapo sheria ina kazi ya kweli.

*Inamfaa nani.* Baraza ambalo bado linajadili kama sheria iwepo, na maamuzi yanayozuia kazi kabisa. Ziwa Tanganyika lilipofungwa upande wa Tanzania kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, gharama zilikuwa za papo hapo kwa vibarua wa vyombo, wakaushaji na wachukuzi, na faida ni za msimu unaofuata. Dagaa huishi karibu mwaka mmoja tu na huzaliana haraka, kwa hiyo faida yao ihesabiwe mapema kuliko ya migebuka. Tena ziwa ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na samaki hawajui mpaka. Sehemu ya faida ya kufunga upande mmoja huvuliwa upande wa pili wasipofunga pamoja.

3. Gharama kwa matokeo

*Swali lake.* Lengo tumeshakubaliana, tulifikie kwa njia ipi iliyo rahisi zaidi? Wa sekta ya afya wanaifahamu sana. Hupangi bei ya faida. Unaihesabu kwa kipimo chake, hapa ni tani ya dagaa wasio na mchanga.

*Takwimu na muda.* Wiki moja hadi mbili. Unahitaji gharama ya kila mbadala na makisio ya watakaotii. Kwa mwalo wetu, mzigo wote ni tani 96 kwa mwaka.

Gharama ya vichanja tunaitandaza kwa miaka 4 kwa kiwango cha asilimia 10, tunaongeza ukarabati wa mwaka, kisha tunagawa kwa tani zinazopatikana. Vichanja vya lazima, kama rasimu inavyotaka, pamoja na gharama ya taarifa za kila mwezi: wakitii asilimia 70, pamoja na Sh milioni 6 za ukaguzi, ni karibu Sh 531,000 kwa tani. Vichanja 500 vya pamoja vinavyojengwa na halmashauri, na msimamizi wa kulipwa Sh milioni 3.6 kwa mwaka, vikitumika kwa asilimia 60 ya mzigo: karibu Sh 478,000. Maturubai, sita kwa kila mtu, Sh 40,000 moja, yakidumu mwaka: Sh 300,000.

Mtu atasema vichanja vya pamoja vingepaswa kuwa rahisi zaidi kwa kuwa watu wanapokezana. Hawapokezani. Giza ni la wote, mzigo unashuka asubuhi moja, na kila mtu anataka kichanja saa ile ile.

*Nani anaumia.* Haisemi chenyewe. Turubai analinunua mkaushaji, kichanja cha pamoja kinajengwa na halmashauri, na hesabu kwa tani haijali nani katoa fedha. Ongeza safu ya mlipaji.

*Huharibikia wapi.* Kwenye kipimo. Turubai limeshinda kwa bei, lakini halipitishi hewa kwa chini. Dagaa hukauka taratibu, na siku ya mawingu unyevu hubaki chini yao wakaanza kunuka. Hawana mchanga, ni kweli, ila wamevunda. Ukibadili kipimo kiwe tani ya dagaa safi waliokauka sawasawa, mpangilio wa washindi unaweza kugeuka.

*Inamfaa nani.* Afisa aliyekwisha kupewa lengo na ngazi ya juu na anachagua utekelezaji. Pia mpinzani mwenye busara, anayekwenda mkutanoni na mbadala mkononi.

Kwa hali yako

Una siku chache na kinachokukera ni vibali, fomu na safari: fanya ya kwanza, ukurasa mmoja unatosha. Sheria ndogo za kijiji pia, zile zinazopita mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, mara nyingi hazihitaji zaidi ya hapo.

Mjadala ni kama sheria iwepo au isiwepo: ya pili, kwa viwango viwili vya punguzo na jedwali la wadogo na wakubwa. Ukiwa na mwezi mzima, anza na ya kwanza, maana majibu yake yanaingia moja kwa moja kwenye ya pili.

Lengo limeshapitishwa: ya tatu, kwa mbadala usiopungua miwili. Usiitumie kwa marufuku ya kufunga ziwa au kufunga msitu, ambako ugomvi ni juu ya lengo lenyewe.

Uko Tabora na rasimu inahusu asali ya Sikonge au kuni za kukaushia tumbaku Urambo: mantiki ni hii hii, badilisha msimu. Bei ya saa ya mrina asali wakati wa kurina si ile ya miezi mingine, na idadi ya vyombo huamuliwa na wiki ya mavuno makubwa.

Takwimu zako ni dhaifu: usichague njia kubwa ili uonekane mtaalamu. Toa makisio ya chini na ya juu, na useme ni namba ipi ikibadilika jibu linageuka. Kwa mwalo wetu namba hizo ni kiwango cha punguzo, gharama ya taarifa na ile asilimia 4 ya hasara inayookolewa; ikiwa asilimia 3, vifungu vyote vya rasimu vinahitaji kuangaliwa upya.

Maoni unayopeleka kwa Mkurugenzi wa halmashauri yawe na kanuni ya hesabu, tarakimu na mahali zilikotoka. Mwishoni andika kifungu kipya neno kwa neno, kwa mfano: "Mkaushaji atatoa taarifa ya mzigo kila baada ya miezi mitatu kwa ujumbe wa simu au kwa maandishi." Mwanasheria wa halmashauri hukinyofoa kama kilivyo na kukiweka kwenye rasimu.